Ua Linalosubiri Mvua Ikatike

Bustani ya maua hupimwa mwezi wa Julai. Machi kila ua linapendeza, hata lile lililojiotea lenyewe kando ya shimo la takataka. Katika Balangdalalu, kama ilivyo sehemu kubwa ya wilaya za Hanang' na Mbulu, mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kinachofuata ni miezi mitano au sita ya upepo, vumbi na baridi ya usiku, kwa kuwa nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo waridi lililonunuliwa mjini kwenye mfuko wa nailoni linapoanza kudai ndoo yake ya maji kila baada ya siku mbili, na ndoo hiyohiyo inadaiwa na ndama, na sufuria, na nguo za shule. Mwenye nyumba akiamua kumpa ndama, hakuna wa kumlaumu. Ua linakauka, na ua wa nyumba unabaki mtupu mpaka mvua nyingine, kisha watu wanasema maua hayawezekani huku kwetu. Hoja ya makala haya ni kwamba yanawezekana sana, ila tumekuwa tukiyachagua kwa rangi kabla ya kuyachagua kwa kalenda. Tukianza na kalenda, mmea wa kwanza kustahili nafasi uani ni ule ambao wengi wetu tunaupita njiani bila kugeuza shingo: mshubiri wa porini.

Tuuelewe vizuri ni upi, kwa sababu jina hili linabeba mimea mingi. Dunia ina zaidi ya aina 500 za mishubiri, na ile iliyo maarufu kuliko zote, alovera ya kwenye makopo ya mafuta na sabuni, si ya kwetu. Watafiti wameifuatilia asili yake hadi Rasi ya Arabia. Mshubiri ninaouzungumzia hapa wataalamu wanauita Aloe secundiflora, jina ulilopewa na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani Adolf Engler mwaka 1895, naye alikuwa akiandika juu ya mimea ya Afrika Mashariki wakati huo. Unapatikana kuanzia Ethiopia na Sudan, kupitia Kenya, hadi Rwanda na Tanzania ya kaskazini na kati, hasa kwenye nyika zenye nyasi fupi na vichaka vya miiba. Hauna shina refu. Majani yake manene, ya kijani kilichofifia, yamekaa kwa duara karibu na ardhi, na kila jani lina meno ya kahawia pembeni. Ukilikata, utomvu wa njano unachuruzika, na ni ule uchungu ulioingia katika lugha yetu mpaka mtu akitaka kusema jambo halimezeki anasema ni chungu kama shubiri. Kinachoutofautisha na ndugu zake ni jinsi ua linavyokaa. Mhimili wa maua hupanda mita moja na zaidi, kisha unatoa matawi yaliyolala mshazari, na juu ya kila tawi vijibomba vya rangi ya waridi au nyekundu iliyopauka, vyenye madoadoa meupe, vimejipanga upande mmoja tu, ule unaotazama juu. Vinafunguka kuanzia chini ya tawi kuelekea nchani, vichache kwa siku, kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuonyesha vichomozo vilivyofunga, maua yaliyo wazi na vikonyo vilivyokwisha kazi, vyote kwa wakati mmoja, kwa majuma kadhaa.

Maua hayo hufunguka hasa mvua zikishakatika. Mwezi wenyewe hutegemea mwaka ulivyonyesha, lakini kanuni ni kwamba mmea huu hukua wakati wa maji na huchanua wakati wa ukame, na si kwa bahati nasibu. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa inayoihitaji kutengeneza chakula, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mshubiri hufungua vitundu vyake usiku, kukiwa na ubaridi, huihifadhi hewa hiyo ndani ya jani na kuitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Hasara ya mpango huu ni kwamba mmea unakua polepole. Faida yake ni kwamba mwezi Mei, wakati nyasi zinaanza kugeuka rangi, majani ya mshubiri yamejaa maji ya msimu mzima, na hayo ndiyo yanayosukuma mhimili wa maua juu. Kwa maneno mengine, maji ya ua la Julai yalishanyweshwa na mvua ya Februari. Mwenye nyumba hadaiwi hata kikombe.

Mtu anaweza kusema: vizuri, basi tumepata ua la bure, lakini bogonvilia nalo linavumilia ukame, na rangi yake inaonekana toka barabarani. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote ang'oe bogonvilia lake. Lakini tulitazame kwa karibu. Zile karatasi za zambarau na nyekundu ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kijibomba cheupe kilichojificha katikati, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mmea huo umetoka Amerika Kusini na uliwiana na wadudu na ndege wa huko. Mshubiri ulikua pamoja na viumbe wa hapa, na ukitaka ushahidi simama karibu nao asubuhi ya kiangazi. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda na dume lenye mng'ao wa chuma, hutua kwenye tawi la maua, anaingiza mdomo kwenye kijibomba kimoja baada ya kingine, na anaondoka na unga wa rangi ya machungwa umemganda kwenye paji la uso. Nyuki nao huja kuuchukua unga huohuo. Mdomo umepinda, kijibomba nacho kina urefu wa kuutosha, na tawi ni gumu vya kutosha kumbeba ndege akila. Hiyo ni biashara ya miaka mingi kati ya mmea na ndege, na ua la kigeni haliwezi kuiingia kwa sababu tu lina rangi kali.

Thamani ya ua kwa ndege wa aina hii imeshawahi kupimwa, tena katika eneo hili letu la Afrika. Mwaka 1975 wanasayansi wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Ndege huyo alikuwa akilinda maeneo yenye mmea mwingine wa porini, leonotisi, ule wenye vishada vya mviringo vya rangi ya chungwa vilivyopandiana kwenye shina moja kama nyumba ya ghorofa, ambao kila mkulima wa Hanang' ameukuta kwenye shamba lililolala. Maeneo yaliyolindwa yalitofautiana sana kwa ukubwa, lakini kila moja lilikuwa na maua yanayokaribia 1,600. Walikokotoa kwamba chozi akikaa tu hutumia kama kalori 400 kwa saa, akitafuta chakula hutumia 1,000, na akifukuza wapinzani hutumia 3,000. Gharama hiyo ya ulinzi inalipa pale tu ambapo maua yanayolindwa yana nekta nyingi kuliko yale ya nje, kiasi cha kumpunguzia ndege saa za kuhangaika. Kwa hiyo ndege huyu mdogo anafanya hesabu kali, na ua kwake si pambo hata kidogo.

Hesabu hiyo inakata pande mbili, na mwandishi anayeipenda hoja yake lazima aseme upande wa pili. Ikiwa chozi mmoja alihitaji maua 1,600 ya leonotisi, basi mshubiri mmoja kwenye kopo la rangi mlangoni hauwezi kumlisha hata huyo mmoja. Ua la mshubiri ni kubwa kuliko la leonotisi, kwa hiyo idadi haiwezi kuhamishwa moja kwa moja, lakini mantiki inabaki palepale: mmea mmoja ni pambo, na pambo halina ubaya, ila lisitangazwe kuwa ni uhifadhi. Na hapa jambo la pili linajitokeza lenyewe, kutoka upande wa mmea. Mishubiri mingi haiwezi kujitungisha mbegu kwa unga wake yenyewe. Inahitaji unga wa mshubiri mwingine, uliotokana na mbegu nyingine. Mshubiri ulio peke yake unaweza kuchanua vizuri mwaka hadi mwaka na vikonyo vyake vikaanguka bila kuacha hata punje. Ndege anataka mimea mingi kwa ajili ya tumbo lake, na mmea unataka wenzake kwa ajili ya uzao wake. Hoja zote mbili zinatufikisha mahali pamoja: upandwe kwa safu, kwenye mpaka wa kiwanja, na ikiwezekana jirani naye aendeleze safu hiyo kwake. Mishubiri ishirini kwenye wigo mmoja ni mwanzo wa maana. Vijiji vyetu vina mipaka ya viwanja mirefu ajabu, mingi ikiwa na miiba mikavu au haina kitu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wenye akili timamu kabisa: mmea uko porini, kwa nini uletwe nyumbani? Jibu linahitaji kuitazama ramani ya Hanang' ya nusu karne iliyopita. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Bassotu: Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na mengine, jumla yake kama hekta 40,000. Mgogoro wa ardhi uliofuata na wafugaji wa Kibarabaig ni habari inayojulikana, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Kinachohusu makala haya ni jembe lenyewe. Shamba linalolimwa kwa trekta kila mwaka linaweza kuvumiliwa na mmea wa mwaka mmoja unaodondosha mbegu kabla ya mavuno, na ndiyo maana leonotisi haijawahi kukosekana kwenye mashamba yaliyoachwa. Lakini mmea unaohitaji miaka mitatu au minne ili uchanue mara ya kwanza hauwezi kuishi mahali panapogeuzwa kila msimu. Na si mashamba ya NAFCO tu. Kila mahali ambapo mahindi, alizeti na mbaazi zimepanda mpaka kwenye ukingo wa korongo, mshubiri umebaki na mawe, miteremko na kingo za barabara. Ua wa nyumba haulimwi kwa trekta. Kwa mmea wa taratibu kama huu, kiwanja cha mtu aliyetulia mahali pamoja ni salama kuliko sehemu kubwa ya kile tunachoendelea kukiita pori.

Lakini kuuleta nyumbani kusiwe kuung'oa huko. Kenya walishaliona tatizo hili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, baada ya biashara ya utomvu kuanza kuimaliza, na ilikuwa mwaka 2007 ndipo kanuni zilipotolewa za kuiendesha biashara hiyo chini ya usimamizi. Kimataifa, mishubiri yote isipokuwa alovera imo katika orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo kuuza mche wa porini nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hapa kwetu, Mlima Hanang' wenyewe una msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na humo hakung'olewi mche wala hakuchumwi mbegu bila ruhusa. Habari njema ni kwamba mshubiri huu si wa kung'olewa hata kwa faida ya bustani. Tofauti na alovera inayozungukwa na vitoto kila baada ya miezi, aina hii kwa kawaida husimama peke yake na hutoa machipukizi kwa nadra. Anayeung'oa anapata mmoja tu, wenye mizizi iliyojeruhiwa. Anayekusanya mbegu za mimea miwili mitatu kando ya njia ya kijiji anapata miche mia, na pori linabaki na mama zake.

Kazi yenyewe inaanza na tunda. Maua yaliyotungishwa hugeuka vibonge vya kijani vyenye pande tatu, ambavyo baada ya majuma kadhaa huwa vya kahawia na kupasuka kwa juu. Ukichelewa siku mbili za upepo wa Hanang', umekosa, kwa sababu mbegu ni bapa, nyeusi-nyeusi, zenye utando mwembamba ubavuni unaozipeperusha. Wakulima wa mbegu za mboga wanajua dawa yake: funga tawi kwa kipande cha kitambaa au soksi kuukuu pale vibonge vinapoanza kubadilika rangi. Mbegu zioteshwe zikiwa bado mpya, kwenye sinia au beseni lililotobolewa, ndani ya mchanga mwingi uliochanganywa na udongo kidogo na samadi iliyooza vizuri. Zifunikwe kwa mchanga mwembamba tu, unene wa mbegu yenyewe, ziwekwe penye joto na kivuli chepesi, na zinyunyiziwe maji pasipo kuloweshwa. Juma la pili au la tatu utaona vijani vidogo kama nyasi, na hapo kuku ndio adui mkuu kuliko mdudu yeyote, kwa hiyo sinia likae juu ya meza au lifunikwe kwa wavu. Miche ikifikia urefu wa kidole, ihamishiwe kila mmoja kwenye mfuko wake, na mwanzo wa mvua inayofuata ipelekwe ardhini.

Ardhini ndipo watu wanapokosea kwa wema. Wanachimba shimo, wanajaza samadi, wanamwagilia asubuhi na jioni, na mmea unaoza shingoni. Sehemu kubwa ya mabonde ya Hanang' ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama ulimbo wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Mshubiri ukikalishwa humo kwenye usawa wa ardhi utakufa Machi, mwezi wa maji, wala si Septemba. Tengeneza tuta lenye kimo cha goti, la kokoto, mchanga wa korongoni na udongo kidogo, na upande juu yake. Walio karibu na mlima wana udongo mwepesi wa volkano, na kwao tuta fupi linatosha. Nafasi kati ya mmea na mmea iwe hatua moja. Mahali pawe pa jua la kutwa, maana kivulini mshubiri hunenepa majani na kusahau maua. Mwagilia msimu wa kwanza wa kiangazi tu, mara moja kwa majuma mawili, kisha uache. Palilia nyasi ndefu zinazouzunguka, kwa ajili ya mwanga na pia kwa ajili ya moto wa kiangazi unaotambaa kwenye nyasi kavu. Ukiona magamba meupe ya wadudu kwenye majani, sugua kwa kitambaa na maji ya sabuni. Ukiona uvimbe wa ajabu kama koliflawa kwenye ua au jani, kata sehemu hiyo na uichome, kwa sababu ni kazi ya utitiri usioonekana kwa macho, nao huambukiza mimea ya jirani.

Miaka mitatu au minne ni mingi kwa mtu anayetaka kuona rangi mwaka huu. Sioni sababu ya kubishana naye. Atawanye mbegu za leonotisi nyuma ya tuta lilelile mwanzoni mwa mvua, na mvua ikikatika atapata vishada vya chungwa vyenye kimo cha mtu, na chozi watakuja. Ila akate mashina kabla mbegu zote hazijadondoka, maana mmea huo haujui mipaka, na vishada vyake vikikauka vina miiba inayoudhi. Leonotisi imesafiri mpaka Amerika na India na kuwa gugu huko. Kwetu ni mwenyeji, lakini mwenyeji naye huwekewa utaratibu.

Wapo watakaosema mmea wa porini hauna heshima ya kukaa mbele ya nyumba. Hili ni suala la mazoea tu. Mwaka 1882 huko Kew, Uingereza, J. D. Hooker aliuandika mmea mmoja wa maua uliotoka Zanzibar, uliotumwa na balozi John Kirk, akauita kwa heshima ya Sultani wa huko. Leo ukoo wa mmea huo ni kati ya maua yanayouzwa zaidi ya msimu katika bustani za Ulaya na Marekani. Miaka kumi baadaye ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mbegu za ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, na ua hilo sasa liko kwenye madirisha ya nyumba za baridi dunia nzima. Yote mawili yalikuwa maua ya porini ya nchi hii, na hakuna aliyekuwa ameyaheshimu mpaka yaliporudi kwenye chungu chenye bei. Sidhani kama mshubiri nao unapaswa kusubiri safari hiyo.

Kuna pingamizi la ardhi, na kwa kaya yenye robo eka ni pingamizi halali. Mchicha na sukuma wiki vina haki ya kwanza kwenye udongo mzuri wenye maji. Lakini mshubiri hautaki udongo huo. Unataka ukingo, pale penye mawe ambapo mahindi hayazai. Ukipandwa kwa safu iliyobanana unakuwa sehemu ya wigo, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hawalipendi jani lenye meno na uchungu, ingawa mhimili mchanga wa maua haumshindi mbuzi mwenye njaa, na safu ya upande wa malisho inahitaji kulindwa wakati wa kuchanua. Mizizi yake pia hushika udongo wa juu kwenye mteremko mdogo. Nasema mteremko mdogo kwa makusudi. Baada ya maafa ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe ya Mlima Hanang' yaliposhuka Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu wapatao 89, yeyote anayewaahidi watu wa Hanang' kwamba wigo wa maua utazuia maporomoko anastahili kukemewa. Mshubiri unaweza kupunguza mfereji mdogo unaochimbika kwenye njia ya maji ya bati, basi.

Dawa nayo isichanganywe na bustani. Utomvu wa njano wa mshubiri ni haluli kali. Haufai kwa mjamzito wala kwa mtoto mdogo, na kwamba ni wa asili hakuupunguzii ukali. Wafugaji wa kuku wamezoea kukata majani yake na kuyaloweka kwenye maji ya kunywa wakati wa kideri, na mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliojaribu dondoo la mmea huuhuu kwa kuku walioambukizwa. Vifo vilipungua kwa kiasi fulani, lakini kuku wengi bado walikufa. Chanjo ya tone la jicho ndiyo kinga. Anayepanda mshubiri apande kwa ajili ya ua, ndege na nyuki. Akiukatakata majani kila mara kuku akikohoa, ataunyang'anya akiba ya maji iliyokuwa itoe maua.

Na nyoka? Swali hili huulizwa kila mahali panapopandwa kitu chenye majani manene. Nyoka hufuata panya na kivuli, na panya hufuata makombo na majani makavu. Wigo wowote usiofagiliwa utawakaribisha, uwe wa mshubiri, wa mnyaa au wa matofali yaliyopangwa. Safu iwe hatua kadhaa kutoka mlangoni, majani yaliyokauka chini yake yaondolewe kabla ya kiangazi, na watoto wafundishwe kutoingiza mkono mahali wasipopaona.

Linabaki suala la wingi, ambalo kaya moja haiwezi kulimaliza. Viwanja vyenye mipaka mirefu kuliko vyote katika kata kama Balangdalalu ni vya shule, zahanati, makanisa na misikiti, na vingi vimezungushiwa waya unaokatika au havijazungushiwa chochote. Shule ina vitu vitatu ambavyo mmea huu unahitaji: mpaka mrefu, vijana wa kusia mbegu, na miaka minne, ambayo ndiyo muda wa mwanafunzi kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Mbegu zikikusanywa mwishoni mwa kiangazi na kusiwa Oktoba, joto linapopanda kabla ya mvua, miche itakuwa tayari kwenda ardhini mvua za mwaka unaofuata. Somo la biolojia litapata stomata zinazofunguka usiku na uchavushaji unaofanywa na ndege, vyote nje ya dirisha la darasa. Gharama ni mchanga, samadi na mifuko ya miche, ambayo maziwa ya pakiti na unga wa kilo moja huiacha jikoni kila siku.